Msomi wa kompyuta asiyeijua dunia ni nusu fundi

Kuna wimbo wanaoupenda wanafunzi wa sayansi ya kompyuta: eti kuchukua tamaduni na siasa za dunia kama somo la pili kwenye digrii ni kupoteza karo. Hayo waachiwe watu wa sanaa, sisi tupeni algorithimu!

Digrii yangu ni hiyo hiyo ya kompyuta, na nasema wimbo huo ni upuuzi. Njooni Kangeta niwaonyeshe.

Hapa Igembe tunakula kwa miraa. Hata aina moja ya miraa inaitwa kangeta. Haya, chukulia kijana wa hapa mwaka 2012 ameandika programu safi ya kufuatilia mizigo hadi London na Amsterdam. Januari 2013 Uholanzi ikapiga marufuku. Mwezi huo huo wataalamu wanaoishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya walisema miraa isipigwe marufuku. Julai, waziri Theresa May akatangaza marufuku hata hivyo, na Juni 2014 soko likafungwa. Ushahidi kando, siasa mbele. Tena baadhi ya waliodai marufuku hiyo walikuwa Wasomali wa huko huko Uingereza.

Tukabaki na Somalia. Machi 2020 nayo ikafunga kwa sababu ya korona. Desemba mwaka huo ikavunja uhusiano na Kenya. Ndege za miraa zilirudi Julai 2022, baada ya marais kuketi na kuelewana. Programu ya kijana wetu ingeandika nini miaka hiyo miwili? Sufuri.

Hizo ni siasa. Tamaduni je? Mnunuzi Msomali hutaja jina lake, la baba na la babu; fomu yako inamdai jina la ukoo. Mwislamu mshika dini anakwepa riba. Wewe umeweka riba kwa kila deni linalochelewa. Mzee wetu wa Kimeru jina lake linaanza na M' na ile alama yake juu. Kwenye SQL alama hiyo hufunga maneno, basi mwandishi mvivu anaikataza kabisa. Mzee anaambiwa jina alilopewa na wazazi wake ni kosa!

Najua mtanijibu: "Hayo tutajifunzia kazini." Sawa, lakini kazini unajifunza kwa hasara ya mtu mwingine, mara nyingi mkulima asiyekujua.

Wengine mtasema somo lenyewe hufundishwa vibaya, ni kukariri na kusahau. Hapo tuko pamoja. Basi daini lifundishwe vizuri: wanafunzi wapewe soko halisi, sheria halisi, majina halisi ya watu. Kulifuta si dawa.

Wewe uliye chuoni na una nafasi ya kuchagua somo la pili, chagua hili. Lugha mpya ya programu utajifundisha kwa majuma machache. Kuielewa dunia kunataka mwalimu, vitabu na mabishano.

Unapinga? Karibu. Lakini uje na hoja.