Kuhamia Kasigau: Bei ya shamba pekee haitoshi

KIFUNGU cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Kuitaja haki hiyo ni rahisi kuliko kuitumia. Mume na mke wenye watoto wadogo wanaofunga virago Kitui, Kilifi au katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, wakiwa na akiba kidogo na ndoto ya shamba lao wenyewe, wanaposikia kwamba ardhi ya Kasigau ni ya bei nafuu, mara nyingi huanza kwa kuuliza ekari ni pesa ngapi. Swali hilo lingefaa kuwa la mwisho.

Kwanza, Kasigau yenyewe si mahali pamoja. Kuna mlima, unaochomoza peke yake katika nyika ya Tsavo hadi takriban mita 1,600, na chini yake vijiji vya Rukanga, Jora, Kiteghe, Bungule na Makwasinyi. Kuna pia Maungu, mji mdogo ulio kaskazini kwenye barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, ambao wageni wengi huuita Kasigau ingawa kiutawala umo katika wadi ya Marungu. Na kuna Voi, mji mkubwa zaidi wa sehemu hizo, wenye Hospitali ya Rufaa ya Moi, mahakama na benki. Anayesema anahamia Kasigau hajasema bado anahamia wapi, na tofauti baina ya sehemu hizo tatu ni kubwa kuliko tofauti ya bei zake.

Ardhi ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini kuliko vyote. Zaidi ya nusu ya kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Katika sehemu iliyobaki, ranchi na mashamba ya katani yamechukua fungu kubwa, na wananchi wamebanana katika kile kilichosalia. Kwa hiyo kipande kinachouzwa rahisi pembezoni mwa ranchi huwa na sababu ya urahisi huo. Huenda muuzaji ana hisa tu katika ranchi, na hisa si hatimiliki. Huenda ardhi ni ya jamii, nayo Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 haimruhusu mtu mmoja kuiuza kana kwamba ni kuku wake. Karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mzee wa kijiji, hata ikiwa na mihuri mitatu, haimpi mnunuzi umiliki. Shamba la kilimo likiuzwa bila idhini ya bodi ya usimamizi wa ardhi, mauzo hayo ni batili kisheria, na fedha zilizolipwa hugeuka deni la kufukuzana nalo mahakamani.

Mgeni anapaswa pia kufahamu kwamba wenyeji hawaitazami ardhi hiyo kama bidhaa tu. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Wajerumani kutoka Tanganyika yaliuteka mlima wa Kasigau. Waingereza waliwashuku wakazi kuwa wamewasaidia adui, wakawahamisha jamii nzima hadi Malindi. Wengi walifia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia hawakuruhusiwa kurejea mlimani hadi miaka ya 1930, na walipopandisha tena vibanda vyao ilikuwa ni kizazi kingine kinachoanza upya. Watu ambao babu zao walinyang'anywa kila kitu kwa amri ya siku moja hawawezi kulaumiwa wakimuuliza mnunuzi maswali mengi. Pengine maswali hayo yana faida hata kwa mnunuzi mwenyewe, kwa kuwa jirani anayejua mpaka ulipo ni shahidi bora kuliko dalali.

Baada ya ardhi ni maji. Hapa kuna kejeli ambayo wakazi wa kaunti hiyo wameilalamikia kwa miongo mingi: bomba la chemchemi za Mzima, lililojengwa katika miaka ya 1950, hupita katika ardhi yao likipeleka maji Mombasa, huku wengi wao wakinunua maji kwa mtungi. Vijiji vilivyo chini ya mlima vina bahati kidogo, kwa sababu msitu wa kileleni hunasa ukungu na kutoa vijito vinavyoteremshwa kwa mabomba. Lakini vijito hivyo havitoshi kumwagilia mashamba ya kila anayekuja. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo nchini, na nyanda hizo za Voi zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Familia inayotegemea mahindi ya mvua pekee, bila kazi nyingine wala mifugo, inacheza kamari.

Ndovu nao hawasomi ramani ya mbuga. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaweka fidia ya Sh5 milioni kwa anayeuawa, na inatambua pia uharibifu wa mazao, lakini malipo yamekuwa yakichelewa kwa miaka. Huko Sagalla wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba, kwa kuwa ndovu huogopa nyuki, na asali ikawa mapato ya pembeni. Ni ubunifu wa kupongezwa. Hata hivyo, mzinga hulinda shamba, wala haumlindi mtoto wa miaka saba anayetembea kilomita kadhaa alfajiri kwenda shuleni. Umbali wa nyumba hadi shule ya msingi, ambayo tangu 2023 ndiyo pia makao ya sekondari ya msingi, ni jambo la usalama hapa kuliko la starehe.

Kuhusu kazi, mradi wa kaboni wa Kasigau, ambao mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kupewa hati za kuuza hewa ya msitu chini ya mfumo wa VCS, umeajiri watu wengi na kulipia karo. Lakini pia umefanya ukataji miti na uchomaji makaa katika ranchi kuwa jambo linalozuiwa vikali. Aliyezoea kujikimu kwa makaa asitarajie hivyo huko. Mwaka 2023, ripoti ya KHRC na shirika la SOMO la Uholanzi ilieleza madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake yaliyowahusu baadhi ya wafanyakazi wa mradi, jambo ambalo mama anayetafuta ajira anastahili kulijua kabla ya kuomba.

Kwa familia changa isiyo na ndugu huko, Maungu ndipo mahali pa busara pa kuanzia, kwa nyumba ya kupanga. Pana barabara ya lami na usafiri wa Voi wakati wowote mtoto anapougua, na wakazi wake ni mchanganyiko wa Wataita, Wakamba na Waduruma, kwa hiyo mgeni haonekani kioja. Kutoka hapo mtu anaweza kuvifahamu vijiji vya mlimani taratibu, akajua nani anauza kilicho chake. Rukanga au Bungule ni pazuri zaidi pa kuishi, yamkini, lakini ni kwa aliyekwisha kupata maji, hati na majirani.

Wakati wa kwenda kutazama shamba ni Septemba au Oktoba, kabla ya mvua za vuli. Madalali hupenda kuleta wateja Desemba, nyika inapokuwa kijani na visima vimejaa.