Wakili Aliyemkamata Mickey Mouse

Washkaji mnaosomea sheria, najua wengi mnautaka utetezi wa kesi za jinai, wa kufoka mahakamani kama kwenye sinema. Hakimiliki mnaliona somo la kusinzia. Haya, leo nawaletea Owen Dean wa Afrika Kusini, wakili wa hakimiliki na kesi za biashara.

Mwaka 1939 Solomon Linda, mwanamuziki wa Kizulu, aliingia studio ya Gallo mjini Johannesburg na kikundi chake, wakarekodi Mbube. Aliambulia shilingi 10, haki akaziachia kampuni. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa jina, ukatamba Marekani mwaka 1961, na mwaka 1994 ukasikika kwenye filamu ya The Lion King. Watu wakavuna mapesa kwelikweli. Linda alikuwa ameshafariki mwaka 1962, hana kitu, na mabinti zake wakihangaika Soweto.

Si mzee alishasaini? Wengi wangeishia hapo. Lakini Dean alikuwa ameisomea hakimiliki hadi udaktari. Alijua sheria moja kuukuu ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia kwao: mtunzi akifariki, baada ya miaka 25 haki zinarudi kwa warithi, hata kama mwenyewe aliziuza akiwa hai. Piga hesabu. 1962 jumlisha 25 ni 1987. Filamu imetoka lini? Kasheshe!

Sasa utamshitakije Disney aliyeko Marekani? Hapa ndipo jamaa aliponikosha. Mwaka 2004 aliomba Mahakama Kuu ya Pretoria ikamate alama za biashara za Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini, zaidi ya 200, Mickey Mouse na Donald Duck wakiwemo. Huna nyumba huku? Poa, tunamshika panya wako! Disney wakaomba mali yao iachiwe, mahakama ikagoma.

Februari 2006, siku chache kabla kesi haijaanza kusikilizwa, kampuni ya Abilene Music, iliyowaruhusu Disney kuutumia wimbo, ikapatana na warithi. Wakalipwa ya nyuma, wakaahidiwa na mgao wa mbele, na Linda akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza.

Mwenza, jamani, wa wimbo aliouanzisha mwenyewe.