Tusinunue Matairi kwa Kuangalia Kashata

Imezuka hapa Shinyanga, nayo imekwisha kuvuka hadi Geita, hoja inayorudiwa maofisini na katika vyumba vya walimu kana kwamba ni kanuni ya sayansi: eti tairi kuukuu la kutoka Japani ni bora kuliko tairi jipya la kutoka China. Wasemao hivyo si wajinga. Ni watumishi wa umma waliosoma, wenye gari dogo la familia lililokwisha kutembea miaka ishirini, na wenye mshahara unaojulikana. Lakini hoja yenyewe ni hadaa, na wanaonufaika nayo ni walanguzi wa mpira ambao hawatakuwamo garini siku tairi litakapopasuka.

Hadaa hiyo imejengwa juu ya kashata. Mnunuzi anainama, anatia kidole katika mifereji ya tairi, anaona kina, anaridhika. Muuzaji naye anajua kwamba mteja wake anatazama hapo tu. Ndiyo maana tairi limepakwa dawa nyeusi likang'aa, na wapo wasioona haya kuchonga upya tairi kipara kwa kisu cha moto mpaka nyuzi za ndani zinakaribia kuonekana. Kashata hueleza jinsi tairi lilivyosuguliwa. Hazielezi umri wake.

Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Hewa na joto huukausha, dawa zilizochanganywa kiwandani ili kuukinga na mipasuko huisha nguvu, na matabaka ya ndani huanza kuachana bila dalili ya nje. Viwanda vingi vya matairi vinashauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitano, na liondolewe likifika miaka kumi hata kama kashata zimesimama wima. Umri huo haukufichwa. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa namba ya utengenezaji, pana tarakimu nne: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mara nyingi tarakimu hizo huwa upande mmoja tu, kwa hiyo zisomwe kabla fundi hajalifunga tairi kwenye rimu na kuuelekeza upande huo ndani. Mwalimu anayesahihisha madaftari arobaini kwa jioni moja hawezi kushindwa kusoma tarakimu nne.

Liko jambo la kustaajabisha zaidi. Baadhi ya matairi haya ya mtumba yana neno STUDLESS ubavuni. Hayo ni matairi ya theluji. Yalitengenezwa kwa mpira laini ili yashike barabara yenye barafu katika majira ya baridi ya Hokkaido, na uso wake umejaa michirizi myembamba kwa ajili hiyo hiyo. Tairi la namna hiyo kwenye lami ya Tinde hadi Kahama, mwezi wa Oktoba, saa nane mchana, hulika upesi na hulegea mikononi mwa dereva. Nasi tunalinunua kwa fahari kwa sababu kashata zake ni nene!

Hebu tutazame ng'ambo ya pili ya uzio. Katika migodi mikubwa ya wazi, na ukanda wetu unaifahamu tangu mgodi wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, tairi la lori la kubebea mawe huchaguliwa kwa hesabu: uzito utakaobebwa huzidishwa kwa mwendo wa wastani, na jibu hulinganishwa na kiwango cha joto ambacho tairi limethibitishwa kulistahimili. Ni fedheha kubwa kwamba jiwe linabebwa kwa hesabu, na mtoto wa mtumishi wa umma anabebwa kwa bahati.

Hesabu ya gari dogo si ngumu. Tairi lililoandikwa 195/65R15 91H linabeba kilo 615 na si zaidi, kwa kuwa ndiyo maana ya namba 91. Lililoandikwa 82 linabeba kilo 475. Chukua kipimo kilichobandikwa mlangoni mwa gari lako, usikubali namba ya uzito iliyo chini yake, na ujaze upepo asubuhi tairi likiwa bado baridi. Upepo pungufu pamoja na magunia ya mpunga ndio mauaji yenyewe, kwa maana ubavu hujikunja na kuchemka. Na kama fedha inatosha matairi mawili tu, hayo mapya yafungwe nyuma. Najua mafundi wengi watabisha. Lakini mvua ikinyesha, gari linaloteleza nyuma huzunguka, na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Watasema: bei. Ni kweli, na atakayemcheka mwenye mshahara mdogo hana utu. Sisi tuliopita katika uhaba wa miaka ya 1970 na 1980, mpaka zikaja zile operesheni za mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi, tulijifunza kushukuru mpira wowote ule. Uhaba umekwisha, mazoea yamebaki. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilichokuwa kikituuzia tairi letu wenyewe kilisimama mwaka 2009, na mashamba ya mpira ya Kihuhwi, Muheza, hayawezi kuwa jibu bila kiwanda. Hilo ni deni la taifa, na wenye dhamana walikumbuke.

Lakini mtumishi wa Kahama hawezi kungojea Arusha. Walimu wana vyama vyao vya akiba na mikopo, ambavyo hukopesha kwa ajili ya ada, mabati na misiba. Kwa nini visiagize matairi mapya mia moja ya vipimo vinne au vitano vinavyojulikana, ya bei ya kati, yenye tarakimu za mwaka huu, na mwanachama akakatwa kidogo kidogo? Askari wa usalama barabarani naye, akiisha kupima kina cha kashata, ainame mara ya pili asome umri. Na Shirika la Viwango lipite katika vibanda vya matairi vya Shinyanga, Kahama na Geita mjini, likianza na vile vilivyoanika bidhaa yake juani tangu asubuhi mpaka jioni.