Jumuiya ilipovunjwa, nani aliulizwa Mwanza?

Usiku wa tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya, baada ya vuta nikuvute ya miaka mitatu na nusu tangu kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016. Katika kipindi hicho Mawaziri Wakuu wawili, David Cameron na Theresa May, waliachia madaraka. Bunge la nchi hiyo liliukataa mkataba wa May kwa kura 432 dhidi ya 202, na Septemba 2019 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hatua ya Boris Johnson ya kulisimamisha Bunge ilikuwa kinyume cha sheria. Wako wasomi wa Afrika Mashariki waliocheka. Walisema kwamba bwana mkubwa wa jana, aliyezoea kuwafundisha wengine namna ya kujitawala, leo hajui mlango wa nyumba yake mwenyewe uko upande gani.

Kicheko hicho kilikuwa kitamu, lakini hakikuwa na haki. Waingereza, pamoja na hila zote za wanasiasa wao waliokuwa wakigombea uongozi wa chama huku wakidai kugombea uhuru wa taifa, walikuwa na mambo mawili ambayo Afrika Mashariki ya mwaka 1977 haikuwa nayo. Waliulizwa. Na baada ya kuulizwa walifuata Kifungu cha 50 cha mkataba wa Umoja wao, kinachosema mwenye kutaka kutoka atoe taarifa, kisha akae mezani akokotoe madeni yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 ilikufa bila mwananchi yeyote kuulizwa na bila nchi yoyote kutoa taarifa ya kujitoa. Ndiyo maana hadi leo kila mji mkuu una simulizi yake, na katika kila simulizi aliyevunja ni jirani.

Mahali pazuri pa kuipimia habari hii ni Mwanza, ambako Jumuiya ilionekana kila siku kwa macho.

Kabla ya mwaka 1977 abiria aliyepanda meli ya Victoria katika gati la Mwanza aliweza kulizunguka ziwa zima, akapita Musoma, Kisumu, Port Bell na Bukoba hadi kurudi alikoanzia, akiwa mikononi mwa shirika moja. Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 zikaongezwa meli mbili za kubeba mabehewa ya reli, Umoja na Uhuru, zilizoiunganisha reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 na ile iliyofika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Karakana kubwa ya meli na chelezo chake vilikuwa Kisumu. Makao makuu ya Reli yalikuwa Nairobi, ya Bandari Dar es Salaam, ya Posta na Simu Kampala, na Sekretarieti ilikuwa Arusha. Karani wa Reli aliyezaliwa Ukerewe aliweza kupangiwa kazi Kisumu, akaoa huko, na asijione mgeni. Kwa maneno mengine, mwananchi wa kando ya ziwa hakuhitaji kuhutubiwa juu ya umoja, kwa sababu alikuwa akiupanda.

Umoja huo haukuvunjika kwa siku moja, na haukuvunjwa na mkono mmoja. Sarafu ya pamoja ilikuwa imekwisha gawanywa mwaka 1966, na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikagawanywa mwaka 1970. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua Serikali ya Milton Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi meza moja na mtu aliyeingia Ikulu kwa mtutu wa bunduki. Msimamo huo ulikuwa wa haki. Wakazi wa Bukoba na Mwanza, ambao Septemba 1972 waliangushiwa mabomu na ndege za Amin, hawakuhitaji kuelezwa sababu zake. Lakini haki hiyo ilikuwa na gharama, nayo lazima itajwe: Mamlaka ya Jumuiya, yaani kikao cha Marais watatu kilichokuwa na uamuzi wa mwisho, hakikukutana tena tangu hapo. Jumuiya ikawa mwili usio na kichwa, unaoendeshwa na mawaziri na makatibu, kila mmoja akitazama nyuma kuona nyumbani kwake wanasemaje.

Hapo ndipo hila zilipopata nafasi. Mkataba wa 1967 ulikuwa umeweka kodi maalumu ya kuvilinda viwanda vichanga vya Tanzania na Uganda dhidi ya viwanda vya Kenya, ambavyo vingi vilikuwa mali ya makampuni ya kigeni yaliyoifanya Nairobi kuwa ghala lao la Afrika Mashariki. Dawa hiyo haikutosha. Tanzania ililalamika kwamba inaendelea kuwa soko la wengine. Kenya ililalamika kwamba inabeba mzigo wa mashirika ambayo wenzake hawayalipii. Uganda ya Amin ilikuwa na fujo zake. Badala ya malalamiko hayo kuletwa kikaoni, yalipelekwa kwenye masanduku ya fedha: kufikia katikati ya miaka ya 1970 makusanyo ya Reli yaliacha kupelekwa makao makuu kama ilivyotakiwa, kila nchi ikikalia ya kwake. Mwaka 1975 iliundwa Tume ya kuupitia upya Mkataba, chini ya William Demas wa Trinidad. Tume ilifanya kazi yake, lakini wakati huo kila upande ulikuwa umekwisha anza kuhesabu ni ndege ngapi, vichwa vingapi vya treni na meli ngapi vitakuwa upande wake wa mpaka siku ya siku. Anayepiga hesabu ya namna hiyo hasomi tena taarifa za tume.

Siku ya siku ilifika mapema mwaka 1977. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama kwa kukosa fedha, na Kenya ikaanzisha shirika lake mara moja, kwa wepesi unaoonyesha kwamba maandalizi hayakuanza asubuhi ile. Siku chache za mwanzo wa Februari, wakati TANU na ASP zikikamilisha kuungana na kuzaa Chama Cha Mapinduzi tarehe 5, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, ikayazuia magari ya watalii, ndege ndogo na vyombo vingine vilivyokutwa upande wake. Ilipofika tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha ulikwisha bila bajeti mpya ya Jumuiya kupitishwa.

Katika mgawanyo wa meli, Victoria na Umoja zilibaki Tanzania. Uhuru ilibaki Kisumu. Mwenye kupenda mafumbo anaweza kuchekea majina hayo, lakini fundi wa Mwanza hakuwa na la kuchekea, maana meli alikuwa nazo na karakana kubwa ya kuzitengenezea ilikuwa ng'ambo ya mpaka uliofungwa. Pamba ya Mwanza ilikuwa na reli yake ya kwenda Dar es Salaam. Musoma na Tarime hazikuwa na reli. Kwa miaka mingi bidhaa za viwandani zilizotumika huko, kuanzia sabuni hadi mafuta ya kupikia, zilitoka upande wa Kisumu. Wajaluo wa Rorya na Wakuria wa Tarime, ambao ndugu zao wa damu wako ng'ambo ya Sirari, walijikuta harusi na misiba yao imegeuka kuwa suala la ulinzi wa mipaka.

Na biashara haikufa, ilihamia usiku. Mitumbwi iliyokuwa ikibeba samaki ikabeba kahawa kwenda na sabuni kurudi. Mwaka 1983, Serikali ilipoanzisha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, walanguzi wakubwa walistahili kilichowapata. Hata hivyo, kumhukumu mama wa Shirati mwenye miche sita ya sabuni bila kutaja mpaka uliofungwa miaka sita nyuma ni kusoma ukurasa wa mwisho wa kitabu peke yake. Mpaka ulikubaliwa kufunguliwa Novemba mwaka huo huo.

Je, Tanzania ilikosea kuufunga? Wapo watakaosema swali hilo halifai kuulizwa katika gazeti la Chama. Linafaa. Tanzania ilikuwa na madai ya kweli: makampuni ya Nairobi yalikuwa yakivuna utalii wa Serengeti na kuiachia Tanzania vumbi la magari, na mali za mashirika ya pamoja zilikuwa zimelundikana upande mmoja. Kosa lilikuwa katika namna. Hatua iliyokusudiwa kumshinikiza mkubwa wa Nairobi ilimfikia kwanza mdogo wa Musoma, na hakuna dalili kwamba yeyote aliyekaa katika kikao cha uamuzi ule alipewa kazi ya kumsemea.

Kwamba kutoka kwa utaratibu kuliwezekana, walimu wanajua. Mwaka 1971 Tanzania Bara ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Sababu ilielezwa: taifa lililotangaza Elimu ya Kujitegemea haliwezi kuendelea kupimwa kwa kipimo cha wengine. Wizara ikachukua kazi ya kutunga na kusahihisha, na mwaka 1973 sheria ya Baraza la Mitihani la Tanzania ikapitishwa. Mitihani ikaendelea, vyeti vikatolewa, na majirani hawakugeuka maadui. Kama Baraza liliweza kuagana hivyo, reli na meli zilishindwa kwa sababu gani? Katika Baraza hapakuwa na mali ya kunyang'anyana.

Lakini sehemu ya habari hii inayowagusa zaidi watumishi wa umma haiko ziwani. Baada ya mashirika kuvunjwa, ilichukua miaka saba kupata makubaliano ya kugawana mali na madeni. Mswisi Victor Umbricht alizunguka miji mikuu mitatu akiwa msuluhishi, na Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984. Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Vichwa vya treni vilihesabiwa. Majengo yalithaminiwa. Kuhusu binadamu, Mkataba ulisema kila nchi itawalipa raia wake pensheni na akiba zao.

Maneno hayo machache yaliwagharimu watu nusu ya umri wao. Nchini Tanzania maelfu ya waliokuwa watumishi wa Jumuiya, makarani, mafundi, mabaharia na wapiga simu, walidai haki zao hadi wakazeeka. Walikwenda ofisini, wakaenda barabarani, wakaenda mahakamani. Makubaliano na Serikali nje ya mahakama yalifikiwa Septemba 2005, miaka 28 baada ya Jumuiya kufa, na hata baada ya hapo wako walioendelea kudai. Nchini Kenya, zaidi ya watumishi 700 wa zamani waliipeleka Serikali yao mbele ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, chombo cha Jumuiya mpya. Wakaambiwa kwamba Mkataba mpya hauwezi kurudi nyuma kuyahukumu yaliyotendeka kabla haujazaliwa. Kisheria jibu hilo ni sahihi. Mtumishi wa leo anayehesabu miaka yake ya kustaafu atalipima mwenyewe kwa upande wa utu.

Jumuiya hiyo mpya ilizaliwa kwa Mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999, na waandishi wake walikuwa wamejifunza. Kifungu cha 145 kinasema nchi itakayotaka kujitoa lazima ipate azimio la Bunge lake kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe taarifa ya maandishi ya miezi kumi na miwili, ambayo inaweza kuifuta kabla muda haujakwisha. Wakati huo wote inaendelea kulipa. Kwa mlango wa mbele, basi, ulinzi upo.

Hatari iko kwenye mlango wa nyuma, ule ule uliotumika zamani. Jumuiya sasa ina nchi nane, na michango ya baadhi yao hucheleweshwa kwa miaka, watumishi wa Arusha wakijikuta wanaendesha taasisi kwa ahadi. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa Namanga. Machi 2021 Kenya iliyazuia mahindi ya Tanzania na Uganda, malori yakapanga foleni mipakani hadi viongozi walipozungumza. Kila tukio lina maelezo yake ya afya, ya usalama au ya kanuni. Hakuna hata moja lililopitia Kifungu cha 145, wala halikuhitaji, kwa kuwa hakuna aliyesema anatoka.

Mwaka 2018 meli ya Umoja ilianza tena kuvusha mabehewa kutoka Mwanza kwenda Port Bell, zaidi ya nusu karne tangu ijengwe. Mwenye mzigo ndani ya mabehewa yale anastahili kujua mapema amri ya kuyasimamisha inapoandikwa, na inaandikwa na nani. Ofisi za mikoa ya Mwanza, Mara na Kagera zina maofisa biashara, maofisa uvuvi na maofisa elimu wanaoijua hesabu ya ziwa kuliko dawati lolote la Dodoma au Nairobi. Kabla zuio lolote la mpakani halijatiwa saini, maofisa hao watakiwe kutoa maoni yao kwa maandishi, na maandishi hayo yapelekwe Bungeni pamoja na orodha ya michango ambayo kila nchi, ikiwamo Tanzania, imelipa na ambayo haijalipa.