Mwenye Hisa za Benki Aulize Pia Kompyuta

Mwekezaji mdogo akipokea taarifa ya benki hutazama faida, gawio na mikopo isiyolipwa. Ni nadra aulize kuhusu kompyuta kuu inayofunga hesabu usiku. Kwa maoni yetu, aulize.

Kompyuta kuu za IBM za leo ni za ukoo wa System/360, iliyotangazwa Aprili 1964. Programu za zamani za asembla, lugha iliyo karibu kabisa na mashine, bado huweza kufanya kazi humo. Mafundi huandika sehemu mpya kwa lugha ya C, kisha sehemu hizo huziita zile za zamani. Taabu huanzia kwenye kiungo hicho.

Makabidhiano yana masharti. Kwa kawaida anayeita huandaa eneo la baiti 72, na anwani yake hukaa katika rejista namba 13. Anayeitwa huhifadhi humo rejista alizozikuta, na huzirudisha kabla ya kuondoka. Ni kama watunza ghala wa zamu: wa kwanza akikabidhi funguo pungufu, aibu humpata wa pili. Vivyo hivyo, C huendelea kidogo, kisha huanguka mbali na chanzo kwa alama ya S0C4, yaani imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Lawama huangukia mstari usio na hatia.

Benki inayotengeneza pale palipoanguka tu italipa mara mbili. Ikague kiungo kwanza. Je, rejista zimerudi zote? C imetuma thamani yenyewe, ilhali asembla inangoja anwani? Upande mmoja unatumia anwani za biti 31, na mwingine 64?

Hasara ya viungo visivyopatana inajulikana. Juni 2012, kundi la benki la RBS la Uingereza lilibadilisha programu ya kupanga kazi za kompyuta, na matoleo mawili hayakuelewana. Chanzo hakikuwa asembla, lakini fundisho ni lile lile. Wateja zaidi ya milioni 6.5 waliathirika, na Novemba 2014 kundi hilo likatozwa faini ya pauni milioni 56. Fedha hizo ni za wenye hisa.

Basi katika mkutano mkuu ujao, wenye hisa waulize: ni mafundi wangapi wa asembla waliobaki, na nani anafundishwa kuwarithi? Mkurugenzi asiye na jibu ameficha deni ambalo halimo kwenye mizania.