Hesabu ya tayari: tuitoe ao tuikatae?



Kila juma telefone zetu za sendika zinapokea ombi la namna moja: "Camarade, nitumie hesabu ya tayari. Sitaki maelezo mingi, nitaingiza kilo tu." Mwingine anaomba barua ya kulalamika, aweke jina lake basi. Mwingine anaomba statuti za kooperative, abadilishe jina la kijiji. Katika kamati yetu tumegombana sana juu ya jambo hili. Leo tunalileta mbele ya wote, sababu kosa la kwanza lilikuwa letu.

Hesabu ya tayari ni lile jedwali la telefone: unaandika kilo, asilimia na bei, nalo linakuonyesha jumla na sehemu ya kila mtu. Tuliitengeneza kwa ajili ya ekipe moja ya Masisi. Wale walikuwa wanauza coltan ikingali na maji ya kuoshea, na walipatana na mnunuzi kwamba kwa kila kilo 100 ataondoa kilo 5 juu ya maji. Tuliweka zile kilo 5 ndani ya hesabu, nyuma, pasipo kuonekana, ili ekipe isisumbuke kuziandika kila siku. Ilifanya kazi vizuri. Hata tulijisifu.

Lakini kitu cha telefone hakikai pamoja na mwenyewe. Ile hesabu ilitoka telefone hii ikaenda ile, mpaka ikafika Walikale kwa ekipe inayochimba cassiterite. Hao wanakausha mawe yao vizuri mbele ya kuyapima. Maji hamna tena ndani. Waliingiza kilo, telefone ikatoa jumla, mnunuzi akalipa vile telefone ilisema. Angekataa kwa nini? Wenyewe njo walimuonyesha ile bei.

Majuma 6 yalipita hivi. Muke wa mchimbaji mmoja, aliyekuwa anaandika kilo za bwana yake katika kaye ya mtoto, njo aliuliza: "Munapima 100, munalipwa 95. Tano iko wapi?" Hakuna hata mmoja aliyeweza kumujibu. Wengine walisema mnunuzi ni mwizi, wengine wakamushuku mwenye telefone, na kidogo watu wangepigana. Walipotuita tukaangalia, tukakuta ile 5 yetu imekaa palepale tulipoiweka. Mnunuzi hakudanganya, na mwenye telefone hakuiba. Lakini pesa ile haikurudi, na kwa nyumba nyingine ilikuwa pesa ya masomo.

Tangu siku ile kuna wenzetu wanaosema: tusitoe tena kitu cha tayari. Anayetaka hesabu aje ajifunze hesabu. Wanasema mtu ukimupa samaki kila siku hatajua kushika nyavu, na kesho atakuja tena kuomba. Neno lao lina uzito. Tumeona barua moja ya kulalamika ikifika ofisini mara tatu, kutoka kwa mashimo matatu, na jina la shimo la kwanza lingali ndani yake. Aliyeipokea alicheka tu, na malalamiko ya kweli yakaanguka pamoja na yale ya kuiga.

Wengine wanajibu: muko munaongea kama watu wasioshuka tena shimoni. Mtu anayetoka chini jioni, na kichwa kinamuuma juu ya moshi wa motopompe, utamuambia akae chini afundishwe kuzidisha? Na ukimukatalia wewe, hatabaki bila hesabu. Ataenda kwa mnunuzi, naye atamupa hesabu ya kwake, tena bure, tena na tabasamu. Neno hili pia ni la kweli.

Wazee wa Bisie wanakumbuka. Katika miaka ya 2000 wapagazi walibeba kilo 50 mgongoni, wakipita pori mpaka Ndjingala, na ndege zilikuwa zinatua juu ya barabara pale Kilambo ili kuipeleka cassiterite Goma. Wakati ule hesabu ilikuwa katika kaye ya mwenye mizani, na mchimbaji aliambiwa tu, "Yako ni hii." Leo kaye imekuwa telefone, na telefone iko mkononi mwetu. Lakini kama hatujui iliyo ndani yake, tungali tunaambiwa tu, "Yako ni hii."

Sisi tumefika hapa: tutaendelea kutoa, lakini hatutatoa tena kitu kilichofungwa. Kumukatalia mtu ambaye pesa yake inapotea leo ni kumuacha mikononi mwa mwingine. Tena sendika inayoficha elimu ili watu waje kuiomba kila siku imekuwa bosi mwingine juu ya mchimbaji, na mabosi tuko nao wa kutosha. Basi kuanzia sasa, kila hesabu, barua ao mukataba unaotoka kwetu utafuata mambo matatu.

La kwanza: kila kinachoondolewa kitaandikwa mbele, kwa maneno yanayosomeka. Maji, avansi ya kuchimba, sehemu ya mwenye shimo, yote. Kama ekipe yenu haina patano la namna ile, mtaona nafasi tupu na mtauliza.

La pili: hakuna hesabu itakayotoka bila gunia moja kuhesabiwa kwa mkono mbele ya ekipe. Si kazi ya siku nzima. Tuifanye hapahapa. Kwa coltan unazidisha vitu 3: kilo, asilimia ya tantale ambayo mashine inasoma, ile tunaita teneur, na bei ya asilimia 1 katika kilo 1. Tuseme, kwa mfano tu, bei ile ni dola 1 na nusu, na asilimia ni 30. Kilo 1 ni dola 45, kilo 50 ni dola 2 250. Sasa kama imeandikwa 27 mahali pa 30, kilo 1 inakuwa dola 40 na nusu, na zile kilo 50 zinakuwa dola 2 025. Dola 225 zimeenda, na mizani hata haikuguswa. Mtu aliyefanya hesabu hii mara moja kwa mkono, siku nyingine telefone ikimudanganya atasikia kwamba kuna kitu.

La tatu: katika kila ekipe tutawaonyesha watu wawili, na tunaomba mmoja wao atoke katika familia, mama ao kijana anayesoma. Ile kaye ya Walikale imetufundisha kwamba jicho la nyumbani linaona yale ambayo jicho lililochoka halioni.

Na ninyi munaoomba, tunawaomba pia. Musituandikie "nitumie" peke yake. Tuambieni munachimba nini, munauza ikiwa kavu ao na maji, mulipatana nini na mwenye shimo, nani alikuwepo. Bila hayo tutawapa nguo ya mtu mwingine. Na wale kati yetu wanaojibu kwa matusi, "hata hesabu ya watoto haujui", waache. Mtu aliyeacha masomo ili kulisha wadogo zake hakukosa akili.

Neno la mwisho ni juu ya statuti. Sheria ya migodi ya 2002, vile ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018, inataka mchimbaji wa mkono awe na karte na awe memba wa kooperative iliyokubaliwa. Kwa hiyo watu wanakimbilia kuiga statuti. Sheria ya OHADA juu ya kooperative, ya tarehe 15 Desemba 2010, inampa kila memba sauti 1, hata mwingine akiwa na pesa nyingi namna gani. Je, statuti munazoziiga zinasema vile? Zisomeni katika mkutano, kwa Kiswahili, mbele ya kutia sahihi. Na SAEMAPE, ambayo serikali iliiweka ili kusaidia na kufundisha wachimbaji wadogo, tuiombe ifanye kazi hiyo pamoja nasi, siyo kuhesabu magunia tu.

Wale wote wangali na ile hesabu yetu ya zamani katika telefone, waifute. Waje na kaye na bei ya gunia lao la mwisho. Tutaanza na lile gunia.