Pesa ya Chumba Isitangulie Chumba

Kwa Waziri wa Maliasili na Utalii

Mheshimiwa Waziri,

Barua hii inatoka Kisanga, wilayani Kilosa. Huku, mgeni wa Hifadhi ya Mikumi akitapeliwa, hasara haiishii kwake: inamfikia wa bodaboda, muuza kuku na kijana aliyetegemea kumtembeza.

Tangu treni ya SGR ianze safari za Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, familia ya Dar es Salaam inaweza kupanga safari ya Mikumi kwa Jumamosi na Jumapili tu. Hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa 1964, haina utata. Kiingilio cha Mtanzania mtu mzima kwa miaka kadhaa kimekuwa shilingi 5,900 pamoja na VAT, kinalipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali, na risiti inatoka.

Chumba ndicho kinacholeta machozi.

Picha ya chumba inapita kwenye WhatsApp, chini yake namba ya dalali: tuma nusu nikushikie. Pesa inaingia kwenye simu yake binafsi. Siku ya sikukuu familia mbili zinafika mapokezi na mabegi, zote zina ujumbe wa dalali, chumba ni kimoja. Na si kila dalali ni mwizi. Yupo aliyeambiwa Jumanne kwamba nafasi ipo, kumbe kufikia Ijumaa mwenzake ameshaiuza. Hakuna aliyeandikiana na mwingine chochote.

Sheria ya Utalii ya 2008 inataka anayefanya biashara ya utalii awe na leseni, lakini leseni hiyo inawafaa wenye ofisi na magari. Kijana mwenye simu moja haifikii. TCRA nayo imetoa namba 15040 ya kuripoti ujumbe wa matapeli, na ni msaada mkubwa. Lakini hapa nyumba ya wageni ipo kweli, dalali anafahamika, na ugomvi ni nani alikubaliana nini na nani.

Ulaya iliumia kwa jambo linalofanana na hili: kuuziwa haki ya kukaa wiki fulani kila mwaka katika nyumba ya likizo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2008 ilimpa mnunuzi siku 14 za kujitoa bila kutoa sababu, na katika siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea hata senti. Dalali wa kuiuza tena haki hiyo naye hapokei malipo mpaka mauzo yakamilike. Madalali hawakufutwa, kilichobadilishwa ni wakati wa pesa kutoka mfukoni.

Mheshimiwa, hilo linawezekana hapa bila mitambo mipya. Malipo ya awali yaende kwenye Lipa Namba ya nyumba ya wageni, ambako jina la biashara linaonekana kabla mteja hajaweka namba ya siri. Nyumba ithibitishe kwa maandishi jina la mgeni na tarehe zake. Dalali asajiliwe na halmashauri kwa ada ndogo, naye alipwe kamisheni na nyumba hiyo mgeni akishalala.

Wizara ianzie Mikumi, kabla ya kiangazi cha Juni hadi Oktoba. Orodha ya nyumba na madalali waliosajiliwa ibandikwe langoni mwa hifadhi na katika stesheni za Morogoro na Kilosa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Kisanga